Taa za Breki Kabla ya Koni ya Mwisho

Zuhura mwanangu,

Naisikia tepu ikilia huko chumbani kwako unavyofunga maboksi, na baba yako anakuuliza tena kama umeweka pasi ya nguo. Umeiweka, mimi niliiona. Mambo ya pasi, ya kula, ya kulala na ya kurudi nyumbani mapema sitayaandika hapa. Houston utakaa kwa Shangazi Fatma, pale Gulfton, na mdomo wa Shangazi unatosha mtaa mzima. Mimi nataka kuzungumza nawe habari za magari.

Usicheke. Nakujua, umeshacheka.

Jana ulikuja jikoni ukasema utaondoka na Corolla, na Miata ibaki hapa Cedar Hill kwa sababu ni "your car, Mama." Ukaongeza kwamba Shangazi hakosi wageni, leo kuna mtu wa kupelekwa hospitali, kesho kuna wa kupokelewa airport, na Miata ina viti viwili tu. "It's fine, really." Ukamega mkate wa sinia ukaenda zako, mimi nikabaki na mwiko mkononi. Hapo hapo nikasema moyoni, hapana, hili halipiti. Ukienda na Corolla hutaingia tena kwenye koni za Jumapili, kushindana na saa. Utakuwa dereva wa Gulfton, utasema it's fine mpaka uote mvi, na mikono ile niliyoiona mimi usukanini itazoea kubeba mifuko ya watu. Nimekaa kuandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo huyasikii. Ukiambiwa kwa mdomo unaitikia "sawa Mama" halafu unafanya lako kwa adabu.

Basi tuanze na hiyo Corolla, maana ile ndiyo aibu yangu mimi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi ya kuendesha van ya wagonjwa wanaokwenda kusafishwa damu. Mzee Earl, fundi wa van zetu, alinitazama siku moja narudi kinyumenyume na lile livan kati ya nguzo mbili, akafuta mikono akaniambia kuna watu Jumapili hupanga koni kwenye maegesho ya uwanja wa michezo, wakaenda mmoja mmoja wakishindana na saa. Njoo, akasema. Nikamwuliza nije na gari gani. Akasema lolote, kuna daraja linaitwa stock, la magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani, hata Corolla yako itaingia.

Nikaenda. Baba yako akavaa shati la Idi, wewe tukakuweka nyuma, na gari likiwa na mizigo yake ya kila siku. Tunafika, tunaambiwa tutoe kila kitu kinachoweza kurukaruka. Wallahi, mwanangu, ilikuwa fedheha. Ikatoka chupa ya chai, ikatoka mikeka, viatu vya Shangazi alivyovisahau tangu Idi, mfuko wa mchele, kanga, ndoo, na kigari chako cha kutembelea ulichokiacha zamani ambacho baba yako alikuwa hana moyo wa kukitupa. Watu walidhani tunahamia pale.

Halafu mkaguzi akainama chini ya gari. Akainuka. Akamwita mwenzake, naye akainama. Wakamwita wa tatu. Unakumbuka kile kimo cha Corolla yetu? Mwezi tulioinunua, mimi mwenyewe nilimwambia baba yako gari limekaa chini mno, liinuliwe. Nani Mombasa anayenunua gari asiliinue? Binamu yake akatuletea zile raba za kuwekwa kwenye springi, kwenye sanduku lake la nguo, katikati ya bizari na achari ya maembe. Baba yako akazifunga siku moja kwenye garaji na gari likasimama juu, kama la kwendea shamba. Barabara za huku zimelala kama sakafu, shimo hulioni mwaka mzima, lakini sisi tulitazama ile gari tukaona sasa ndiyo gari.

Mkaguzi akaniuliza zile raba ni za nini. Nikamwambia ili lisigonge chini. Akaniuliza, lisigonge nini? Nikatazama ile lami, nyeupe kwa jua, tupu mpaka kwenye uzio. Earl alicheka mpaka akashika nguzo ya taa.

Sheria yao ni kwamba kwenye stock unaruhusiwa kubadilisha tairi, pedi za breki na vitu vichache vingine. Ukigusa springi umetoka. Basi Corolla ya watu, yenye harufu ya bizari, ikapangwa na magari yaliyofunguliwa injini yakaongezwa nguvu, yale yanayonguruma mpaka kifua kinatetemeka. Nikaenda. Kila kona gari linalala ubavu, baba yako kule pembeni anafumba macho, na wewe umekaa juu ya boksi la barafu unapiga makofi. Nikawa wa mwisho, na wa kabla yangu alikuwa mbali sana.

Sikuichukia Corolla kwa siku ile, na wewe usiichukie. Ni gari la heri, limetulea. Lakini nilichojifunza ni hiki: gari haliitwi zuri au baya peke yake pale kwenye koni. Unauliza limepangwa na nani. Baba yako alizitoa raba, akisononeka kama anang'oa jino, tukarudi kwenye daraja letu la stock, na bado tukawa nyuma. Humo mlikuwa na magari mepesi zaidi, yenye kugeuka upesi zaidi, na kwenye stock huwezi kuongeza kitu baadaye kufidia. Ulichochagua dukani ndicho utakachoenda nacho. Kwa hiyo mwenye akili haulizi gari gani lina mbio kuliko yote. Anauliza ni lipi limewekwa kwenye daraja ambamo wenzake hawaliwezi, hivyo hivyo lilivyozaliwa.

Nikaanza kuyasoma magari. Baba yako alidhani nimerogwa.

Neon ya Earl niliiendesha siku kadhaa. Ile ni gari la mtu mwenye hesabu. Nyepesi, injini yake ina nguvu kuliko nyingi zilizopangwa nayo, milango minne, unaweza kumtoa mama mkwe airport asubuhi na kushinda mchana. Ila inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukiingia kona kwa pupa, pua inakimbilia nje na wewe unabaki kungoja irudi. Earl ana subira hiyo. Nikajaribu pia Civic ya muuguzi mmoja wa kazini kwetu, gia zake tamu kama halua, inageuka vizuri, lakini kwenye daraja lake wako wanaotoka konani na nguvu zaidi, na ukishaachwa pale humpati mtu.

Halafu Miata. Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, nikasema hiki ni kiatu. Kwenye barabara iliyonyooka haina la kujivunia. Lakini kwenye koni hakuna barabara iliyonyooka, mwanangu. Magurudumu ya nyuma yanasukuma, ya mbele hayana kazi nyingine ila kugeuza, uzito umegawanywa nusu kwa nusu, na unakaa chini kabisa mpaka unaihisi lami makalioni. Waliopangwa nayo wengi wana nguvu kuliko yeye, na ni wazito. Wakishakanyaga breki mara mbili tatu, Miata ameshapita. Nilirudi nyumbani siku ile naimba.

Shangazi Fatma akasikia. Alipiga simu kutoka Houston, hata salamu hakunipa. "Viti viwili? Wifi yangu, una akili? Mgeni utamweka wapi, kwenye buti?" Na wenzetu wa hapa nao, kila niliyekutana naye msikitini ananiuliza hilo hilo. Sisi huku gari si lako peke yako, unajua. Ukiwa na gari umekuwa wa watu wote, wa msiba, wa hospitali, wa mgeni aliyetua leo hajui hata kushika simu. Mimi sisemi hilo ni baya. Tungefikaje hapa bila watu waliotubeba? Lakini nikaanza kurudi nyuma, nikasema basi tuchukue Neon, watu waridhike. Baba yako alikuwa anakata kucha. Akasema, "Wewe unanunua gari au unanunua maneno ya watu? Kama ni maneno, utayapata bure." Tukaichukua Miata.

Najua utaniambia, haya Mama, si na mimi basi nitafute Neon, nibebe watu na nishindane. Mtu mwingine ningemwambia sawa. Wewe hapana. Nilikutazama Earl alipokuazima yake. Wewe na gari mlikuwa mnagombana. Wewe mikono yako inataka kuusikia mgongo wa gari ukitembea kidogo, kisha unauweka sawa kabla mtu hajajua. Hilo hujafundishwa na mtu. Mimi ninaendesha kwa ulaini kwa sababu miaka yote nimebeba wagonjwa, nimezoea kutomtikisa mtu. Wewe umezaliwa nalo.

Sasa nafika mahali pagumu.

Tangu ulipopata leseni tumekuwa tukigawana Miata. Mimi mwenye gari namba 41, wewe mwenzangu 141, gari moja, tairi zile zile, asubuhi moja. Nikitoka mimi unaingia wewe, namwagia tairi maji zipoe, unakwenda. Na kila Jumapili mambo yakawa yale yale: mama yuko juu, binti yuko chini yake kwa kichembe cha sekunde. "You got me again, Mama." Na mimi, mjinga mkubwa, narudi nyumbani namwambia baba yako, bado nipo, bado huyu mtoto hajanipata. Nilijisifu, Zuu. Nilimpigia simu hata Shangazi nikamtambia.

Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, Jumapili ile ya kwanza, unakumbuka sikukaa pale tunapopangia foleni. Earl aliniita niwe namshikia mwavuli, kila nikimaliza zamu yangu, upande wa mwisho, kule nyuma ya saa. Mara zote nilikuwa nakuona ukija kwa mbele. Siku ile nilikuona kwa nyuma. Ukapita slalomu yote, ile safu ya koni za kupindapinda, kwa namna ambayo mimi siiwezi, sidanganyi, siiwezi hata nikirudishiwa ujana. Ukabakiza koni ya mwisho. Pale mtu anakanyaga mafuta mpaka anaipita saa, hakuna mtu duniani anayefunga breki pale. Taa zako za breki zikawaka.

Nikasema labda umeteleza. Mzunguko wa pili, pale pale, zikawaka. Wa tatu, zikawaka. Earl akaniambia bila kunitazama, "Ana tabia hiyo tangu mwaka jana. Nilitaka kumkosoa, kisha nikaona hafanyi hivyo siku ambazo wewe hupo."

Siku ambazo mimi sipo! Nikakumbuka Jumapili niliyokuwa kazini, uliporudi na kile kikombe ukakificha nyuma ya vitabu, ukasema wale wakali hawakuja. Kumbe walikuja wote, Earl ameniambia. Uliwaacha wote, wale wanaume wanaoniacha mimi kila siku, ukawaacha ndani ya gari hili hili langu.

Nilikasirika, nisikufiche. Njia nzima kurudi Cedar Hill nilinuna, ukaniuliza kama kichwa kinaniuma. Nilikuwa najiona nimechezewa kama mtoto anayeachiwa ashinde karata. Halafu usiku ule hasira ikaniisha ghafla, nikabaki na fahari tupu. Nimelinganisha magari miaka yote hii, lipi zito, lipi linageuka, lipi limepangwa na nani. Na kumbe kulinganisha kwa kweli kulikuwa pale pale: gari moja, tairi moja, mimi na wewe. Hakuna cha kusingizia. Mwanangu ananishinda, tena ananishinda akiwa amefunga breki.

Nami najua breki ile umeitoa wapi. Ni yangu. Mimi ndiye niliyekufundisha kumpisha mkubwa mlangoni, kumpa kiti, kutomkatiza. Sijutii hayo. Lakini ngoja nikwambie jambo ambalo baba yako hulicheka sasa, zamani hakucheka.

Ulikuwa bado unabebwa. Shangazi alikuwa na akika ya mtoto wake Houston, na mbuzi ameshachinjwa, watu wanatungoja. Baba yako anaendesha. Hapo Dallas pa kuchagua njia, akaingia siyo. Mimi nimeliona bango, nimelisoma, najua kabisa kwamba tumeikosa barabara ya Houston. Nikanyamaza. Mume wangu anaendesha, ndugu yake yupo kiti cha mbele, nitamkosoaje mbele ya mtu? Nikasema ataliona mwenyewe. Nikaendelea kukunyonyesha na kutazama ng'ombe. Tulifika Waco, mji wa njia nyingine kabisa. Waco, mwanangu! Tukasimama kwenye kituo cha mafuta, baba yako ameishika ramani juu chini, jasho linamtoka. Nikamwambia polepole kwamba nilidhani tungeshika ile nyingine. Akaniuliza, "Ulijua?" Nikasema ndiyo. "Tangu wapi?" Nikasema tangu Dallas.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya boneti, kisha akasema, "Kwa hiyo uliniona mimi ni mtu asiyeweza kuambiwa." Neno lile liliniuma kuliko kofi. Mimi nilidhani ninampa heshima. Heshima yangu yote ilimfikisha Waco, na akika tukaikuta sahani zinaoshwa. Kuanzia siku hiyo nikikaa naye garini nasema, na yeye ananisikiliza, na mara nyingine tunagombana mpaka tunafika, lakini tunafika.

Ndiyo na mimi nakuuliza, Zuu: uliniona mama yako ni mtu asiyeweza kushindwa? Nimeshindwa na Corolla yenye raba mbele ya watu wote, nikala mkate wangu nikarudi Jumapili iliyofuata. Kushindwa na wewe ndiyo kutanivunja? Mimi nimekuja nchi hii, nimebeba wagonjwa kwenye barafu na kwenye mvua ya mawe, na kitu kimoja tu nilichokitaka ni kutoka mwilini mwangu kitoke kitu kinachonizidi. Kimetoka. Nimekiona kwa macho yangu. Na kinanifungia breki!

Basi sikiliza nilivyoamua, na baba yako amekubali, kwa hiyo usiende kumbembeleza. Corolla inabaki. Funguo za Miata zimo ndani ya bahasha hii, na makaratasi ya gari yamo kwenye kisanduku chake cha mbele, kwa jina lako. Mizigo itakayobaki tutakuletea sisi. Shangazi nimempigia mchana huu, nikamwambia mtoto anakuja na viti viwili, atakusaidia kwa kimoja kadiri atakavyoweza, na siku ya koni hayupo kwa mtu. Nilijiandaa kwa vita. Akasema, "Haya, wageni wangu watapanda basi, mbona mimi nilipanda." Kisha akashusha sauti, "Lakini na mimi atanizungusha? Huko kwenye hivyo vikoni?" Umri ule! Mwambie avae viatu vilivyofunga, na asikushike mkono kwenye kona.

Wa Houston siwajui, sijui wanapanga koni zao vipi wala nani mkali kwenye daraja lako. Watakuona msichana wa ushungi kwenye kigari kidogo, watakuonyesha pa kuegesha kama mgeni. Waache. Usiwaambie kitu, na usiwapunguzie kitu.

Mwezi ujao nakuja na helmeti yangu. Baba yako ataleta mwavuli na chai, na usishangae akileta na zile raba, bado anazo kwenye garaji, hajakata tamaa. Tutaendesha gari moja kama kawaida, ila sasa gari ni lako, kwa hiyo 41 utaandika wewe. Mimi nitaanza, na nitaenda kwa nguvu zangu zote, sitakuachia hata nukta moja, ujue. Nikimaliza sitakaa kwenye foleni. Nitakwenda kusimama kule mwisho, nyuma ya saa, mahali pale pale, nikutazame kwa nyuma. Nataka kuiona ile gari inaipita koni ya mwisho na nyuma yake ni nyeusi, hakuna taa.

Nishinde, mwanangu. Nishinde watu wakiona.

Mama yako,
namba 141